Kinyama Kinapokwenda Mbeya, Kadi ya Bima Inafika Wapi?

Leo tuzungumze juu ya daktari ambaye wagonjwa wengi hawamwoni. Hapigi sindano. Haandiki dawa. Hapiti wodini asubuhi. Lakini neno lake ndilo linaloamua kama mgonjwa atakatwa titi au hatakatwa, kama atapewa dawa kali au atarudi nyumbani kwa amani.

Daktari huyu anaitwa daktari wa patholojia. Patholojia ni elimu ya kuyatambua magonjwa kwa kuchunguza nyama, maji na chembe za mwili.

Kazi yake ina gharama. Kwa hiyo tutazungumza pia juu ya bima ya afya. Tutauliza: mtu wa Tunduma, Mpemba au Chapwa akiwa na kadi ya bima mfukoni, kadi hiyo inafika mpaka kwa daktari huyu? Au inaishia njiani?

JE, NI DAKTARI WA MAITI?

Watu wengi husema daktari wa patholojia ni daktari wa maiti. Wanasema hivyo kwa sababu akifa mtu kwa ajali au kwa jambo lenye mashaka, yeye ndiye anayeitwa kuchunguza chanzo cha kifo.

Ni kweli, hiyo ni kazi yake moja. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kwa ajili ya walio hai. Mama ana uvimbe titini. Mzee anashindwa kumeza ugali. Mtoto amevimba taya. Kijana ana kidonda mguuni kisichopona. Daktari wa kawaida hutazama, hushika na huuliza. Lakini kwa macho na mikono peke yake hawezi kusema kwa hakika: hii ni saratani, au hii si saratani.

Hapo ndipo huchukua kipande kidogo cha nyama kutoka mahali panapouma. Wengi wetu hukiita kinyama. Kinyama hicho hupelekwa kwa daktari wa patholojia.

Madaktari wa aina hii ni wachache. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, hawafikii hata mmoja kwa kila watu 500,000. Mkoa wetu wa Songwe ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya 1,300,000. Mji wa Tunduma peke yake una watu zaidi ya 200,000. Ndiyo maana kinyama husafiri.

SAFARI YA KINYAMA

Tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza, daktari humpa mgonjwa dawa ya ganzi. Hukata kinyama kidogo, au huvuta chembe kwa sindano.

Pili, kinyama hutiwa katika kopo lenye dawa iitwayo formalini. Dawa hii huzuia nyama isioze. Inatakiwa iwe nyingi, kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Maji ya kawaida hayafai, maana nyama itaharibika na daktari hataona kitu. Formalini ni sumu. Ukipewa kopo ulibebe, usilifungue.

Tatu, jina la mgonjwa huandikwa kwenye kopo lenyewe na kwenye fomu. Majina mawili yakichanganyika, mtu mzima anaweza kutibiwa saratani, na mwenye saratani akaambiwa yuko salama.

Nne, katika maabara kinyama hugandishwa ndani ya nta. Kisha hukatwa kwa mashine kuwa vipande vyembamba sana. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene zaidi ya mara 10 kuliko kipande hicho.

Tano, vipande hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi ili chembe zionekane. Daktari wa patholojia huvitazama kwa hadubini, kisha huandika jibu.

Kazi hii haimaliziki kwa saa moja. Nyama peke yake huhitaji siku moja au zaidi kutayarishwa. Ukijumlisha safari na foleni, jibu huweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa urudi kuchukua jibu, rudi. Jibu lililolala kabatini halimponyi mtu.

Kutoka Tunduma, njia ya rufaa hupita Vwawa, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, yapata kilomita 100 kwa barabara kuu kutoka mpakani. Ikihitajika zaidi, kinyama au mgonjwa mwenyewe huendelea mpaka Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road.

HOFU MBILI

Wapo wanaokataa kukatwa kinyama kwa sababu ya hofu mbili.

Hofu ya kwanza husema: "Kisu kikigusa uvimbe, saratani itaamka na kuenea." Wengi wanaamini hivyo kwa sababu wamemwona mtu aliyekatwa kinyama akafa baada ya muda mfupi. Lakini tujiulize: mtu huyo alikwenda hospitali lini? Mara nyingi alikwenda uvimbe ukiwa umekwisha kuenea. Aliuawa na kuchelewa. Kisu kimesingiziwa.

Hofu ya pili husema: "Nyama yangu itakwenda kuuzwa." Kinyama chenyewe ni kidogo, pengine kama punje ya mchele au ya harage. Kikishakatwa na kuwekwa katika nta, hakina kazi nyingine ila kutazamwa. Maabara hukitunza ili, ikihitajika, daktari mwingine akitazame tena.

MFANO WA MULAGO

Tazama faida ya kutuma kinyama. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya. Baadaye akaona wengine wenye uvimbe wa namna hiyo. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Madaktari wa patholojia wa Makerere walichunguza vinyama. Waligundua kwamba uvimbe wa tayani na uvimbe wa tumboni kwa watoto hao ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000, wakipita Tanganyika na kuendelea kusini. Waliuliza kila hospitali: mmeuona ugonjwa huu? Vinyama vingine vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 wanasayansi wa huko waligundua virusi ndani ya chembe zake. Leo ugonjwa huo hutibika kwa dawa kwa watoto wengi wanaowahishwa. Safari ya matibabu hayo ilianzia kwenye vinyama vya watoto wa Afrika Mashariki.

NANI ANALIPA?

Katika hospitali ya umma, daktari wa patholojia ni mtumishi. Analipwa mshahara. Humlipi yeye mkononi, na akitokea mtu wa kukudai fedha pembeni, usitoe. Fedha hulipwa hospitali, kwa risiti.

Mgonjwa mwenye bima halipi fedha taslimu kwa huduma zilizomo katika bima yake. Hospitali hujaza fomu na kupeleka madai kwenye mfuko wa bima. Mfuko hulipa kwa bei iliyopangwa kwa kila kipimo. Fomu ikikosewa namba ya kadi au sahihi, mfuko unaweza kukataa kulipa. Ndiyo maana karani wa dirisha la bima huuliza maswali mengi. Usimkasirikie.

Hospitali au maabara ya binafsi hupokea kadi ikiwa ina mkataba na mfuko. Bila mkataba, kadi yako ni karatasi tu mbele yao. Na mkataba unaweza kuyumba. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kuacha kuwahudumia wanachama wake. Zilisema bei hizo hazitoshi. Wagonjwa wengi waliokuwa na kadi halali walilazimika kutafuta hospitali nyingine. Tunajifunza nini? Kabla ya kusafiri, uliza. Usidhani.

TULIKOTOKA

Tuikumbuke historia kidogo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Miaka hiyo matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure.

Mwaka 1993 nchi ilianza utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulijaribiwa wilayani Igunga. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Ulianza na watumishi wa umma, kama walimu na wauguzi. Mchango wao ulipangwa kuwa asilimia 6 ya mshahara: 3 kutoka kwa mtumishi na 3 kutoka kwa mwajiri.

Kuanzia mwaka 2018 CHF iliboreshwa. Kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Tupige hesabu. Gawanya 30,000 kwa watu 6. Unapata shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kadi hiyo ilimtibu mwanachama kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Haikuvuka hapo.

Je, umeona tatizo lilipo? Kadi iliishia mkoani. Lakini kinyama kilikwenda kanda.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe ndani ya bima ya afya. Imeweka pia mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Viwango vya kuchangia na huduma zinazotolewa hupangwa na Serikali, na huweza kubadilika. Uliza zahanati yako au ofisi ya kata upate kiwango cha mwaka huu.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga ili tujifunze. Tuseme ni mwaka 2020. Mama wa miaka 52, mkulima wa mahindi karibu na Tunduma, ana uvimbe titini. Hauumi. Ana kadi ya CHF. Amepewa rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Daktari ni kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, uvimbe huu siwezi kuujua kwa kuushika. Tuchukue kinyama kidogo, kipelekwe Mbeya."

"Mkiukata si mtauamsha?"

"Hapana mama. Tusipokata, tutakuwa tunabahatisha. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini kama ni saratani, nataka tuijue ikiwa bado ndogo."

"Na kadi yangu, inatosha?"

"Hapa inatosha kwa mengi. Mbeya ni hospitali ya kanda. Pita dirisha la bima ukaulize kabla hatujakata."

Mama anakwenda dirishani. Anaambiwa kwamba kipimo cha Mbeya hakimo katika kadi yake. Afanye nini? Mfano wetu una miisho miwili.

Mwisho wa kwanza. Mama anarudi nyumbani kimya. Anasema, "Nitarudi nikishauza mahindi." Mahindi yanauzwa, lakini kuna ada ya shule. Kisha kuna msiba. Miezi minane inapita. Uvimbe umekuwa kidonda. Sasa gharama si ya kipimo tena. Ni nauli ya Dar es Salaam, dawa, miezi ya kulala mbali na shamba, na pengine maisha yake.

Mwisho wa pili. Mama hanyamazi. Anarudi kwa daktari na kumwambia, "Mwanangu, sina fedha." Daktari anamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Afisa anamhoji na kumtaka alete barua ya mtendaji wa kijiji. Mama anauliza pia: "Ni lazima niende Mbeya mimi mwenyewe, au kinyama kinaweza kwenda peke yake?" Anajibiwa kwamba kinyama kinaweza kutumwa, yeye akangoja nyumbani. Nauli imeokolewa. Ndugu zake wanachanga kilichobaki. Jibu linarudi baada ya wiki chache, na matibabu yanaanza mapema.

Mama ni yule yule, kadi ni ile ile. Tofauti ni kuuliza.

KADI HAIVUKI MPAKA

Sisi wa Tunduma tuna jambo letu la pekee. Nakonde iko ng'ambo ya barabara. Tunanunua na kuuza huko kila siku. Ndoa zetu zimevuka mpaka. Lakini kadi ya bima ya Tanzania haitumiki hospitali za Zambia. Zambia ina bima yake ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kenya nayo ilibadilisha mfuko wake wa zamani Oktoba 2024 na kuanza utaratibu mpya. Kila nchi ina kadi yake.

Dereva wa lori, mchuuzi na wakala wa forodha wakumbuke hili. Ukikatwa kinyama ng'ambo, omba jibu kwa maandishi. Ukirudi nyumbani, mwonyeshe daktari wako karatasi hiyo, ili asianze upya.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kabla ya kukatwa kinyama, uliza maswali haya. Si utovu wa adabu. Ni haki yako.

1. Kinyama changu kitachunguzwa wapi?
2. Kadi yangu inapokelewa huko, na kipimo hiki kimo?
3. Nahitaji barua ya rufaa au kibali cha mfuko?
4. Jibu litatoka lini, na nitalichukua kwa nani?
5. Kama kadi haitoshi, nimwone nani hapa hospitalini?

Andika majibu katika daftari. Umejifunza kusoma na kuandika. Kalamu yako ni kinga.

Tena, usingoje kuugua ndipo ukate bima. Baadhi ya bima zina muda wa kungoja kabla huduma fulani hazijaanza kulipwa. Mkulima hapandi mahindi siku ya njaa.

DALILI ZA KUTOPUUZWA

Nenda kituo cha afya ukiona moja ya haya:

- Uvimbe unaokua, hata kama hauumi.
- Kidonda kisichopona kwa wiki tatu.
- Titi linalotoa damu au ngozi yake kubonyea.
- Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi.
- Chakula kukwama kooni kila siku.
- Mtoto kuvimba taya au tumbo.

Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 asingoje dalili. Aombe kupimwa mlango wa kizazi. Mhudumu hupaka siki hafifu na kutazama. Akiona doa la mashaka, ndipo hutoa tiba au huchukua kinyama. Na binti wa miaka 9 hadi 14 apelekwe kuchanjwa. Chanjo ya kuzuia saratani hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

MANENO MAPYA

Patholojia: elimu ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza nyama na chembe za mwili.
Chembe: sehemu ndogo kabisa iliyo hai ya mwili, isiyoonekana kwa macho.
Formalini: dawa ya kuzuia nyama isioze.
Hadubini: chombo cha kukuza vitu vidogo.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi.
Kitita cha mafao: orodha ya huduma ambazo bima inazilipia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini daktari hawezi kuijua saratani kwa kushika uvimbe tu?
2. Katika mfano wetu, mama alifanya nini katika mwisho wa pili ambacho hakukifanya katika mwisho wa kwanza?
3. Bima ya kaya kwa mwaka huu ni shilingi ngapi kwenu? Ni sawa na debe ngapi za mahindi? Pigeni hesabu pamoja.
4. Katika kijiji chenu, ni kaya zipi hazina kadi kwa sababu ya umaskini? Mtamwelezaje mtendaji wa kijiji ili zisaidiwe?

Ndugu msomaji, daktari wa patholojia hutamwona. Lakini yeye atakuona wewe, kupitia kipande kidogo chini ya hadubini. Hakikisha kipande hicho kinamfikia mapema, na jibu lake unalifuata.